Mgeni Bila Mwenyeji

Maoni haya yalisomwa kwanza redioni katika kipindi chetu cha kila wiki.

Ndugu msikilizaji, hoteli ni mahali ambapo mtu huoneshwa cheo chake kabla hata hajaweka begi chini.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mama yangu mzazi kwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho katika mji mmoja mkubwa nje ya nchi. Mama ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje, umri wake ni miaka sabini na ushei, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulala hotelini. Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya kurudi nyumbani ndege yetu ilikuwa ya saa 4 usiku, na daktari alishauri mgonjwa apumzike mahali penye mwanga hafifu. Hoteli nayo ilitutaka tutoke chumbani saa 6 mchana.

Mimi sikuwa na wasiwasi. Mfukoni nilikuwa na kadi ya uanachama wa kundi lile la hoteli, na kwa kazi yangu ya redio nilikuwa nimelala katika hoteli zao usiku mwingi, semina hii na warsha ile. Nikateremka mapokezi, nikaweka kadi mezani, nikaeleza habari ya mgonjwa. Binti wa mapokezi akabonyeza mashine yake, akatabasamu, akaniambia kwa adabu kwamba kadi yangu ni ya daraja la chini kabisa. Zile siku za semina zililipiwa kwa mkupuo na waandaaji, kwa hiyo hazikuhesabiwa kwangu. Chumba kina mgeni mwingine jioni. Samahani sana, mzee.

Nikiwa bado nimesimama pale, akaja kijana mmoja wa umri wa kumzaa. Naye aliomba abaki chumbani mpaka jioni, wala hakutaja ugonjwa. Akakubaliwa mpaka saa 10. Nikamuuliza kijana yule, bila haya, yeye ana kadi ya daraja gani. Akacheka. Akasema hana kadi yoyote na ndiyo mara yake ya kwanza kufika pale, ila chumba alikata kupitia wakala wake wa usafiri.

Mama akakaa ukumbini kwenye kochi, miwani nyeusi usoni, kuanzia saa 6 mchana mpaka saa 1 usiku. Nilipomweleza yaliyotokea mapokezi, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali moja: "Kwani mwanangu, mji huu hatuna mwenyeji?"

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile, na leo nataka tulitazame kwa jicho la historia. Watu wengi wananiuliza inakuwaje mtu apewe chumba kikubwa zaidi, chai ya asubuhi ya bure na ruhusa ya kuchelewa kutoka, ilhali hajawahi kulala hapo hata usiku mmoja. Wanadhani ni ujanja mpya uliokuja na kompyuta. La hasha. Ni jambo la kale kuliko hoteli zenyewe, na mama yangu alikuwa na jina lake tayari.

Tuanzie kwetu pwani. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mwanachuoni wa sheria kutoka Tangier, Morocco, alifika Mogadishu akiwa njiani kuelekea Mombasa na Kilwa. Ameeleza jinsi jahazi lilivyopokelewa bandarini. Vijana wa mji walitoka kwa vyombo vidogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humfikia mfanyabiashara mmojawapo melini, humpa ile sahani na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Basi mfanyabiashara yule hushukia nyumba hiyo na si nyingine. Mwenyeji humuuzia bidhaa zake na kumnunulia anachotaka. Mtu akimpunja mgeni, au akifanya naye biashara mwenyeji hayupo, biashara hiyo huhesabiwa kuwa batili.

Sikiliza sasa sehemu ya pili ya desturi ile. Mfanyabiashara aliyekwisha kuja mara nyingi na kuwafahamu watu wa mji, huyo aliruhusiwa kukaa popote apendapo. Yaani kurudi mara kwa mara kulimletea mgeni uhuru ambao mgeni mpya hakuwa nao. Huo ndio uanachama wa daraja la juu, uliochumwa kwa miguu, zaidi ya miaka 600 kabla ya kadi ya kwanza ya hoteli kuchapwa.

Lakini Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara, na hakuwa amefika Mogadishu kabla ya hapo. Vijana walipoambiwa kwamba huyu ni fakihi, utaratibu ukabadilika palepale. Kadhi alikuja kumpokea pamoja na wanafunzi wake, kwa kuwa desturi ilitaka fakihi au sharifu apelekwe kwanza kwa sultani kabla ya kupewa mahali pa kulala. Sultani akamletea tambuu na popoo, akamletea marashi ya waridi ya Damascus, akaagiza akae katika nyumba ya wanafunzi. Chakula kilikuja mara tatu kwa siku: wali wa samli na vitoweo, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Ijumaa akaletewa nguo za kuvaa kwenda msikitini.

Hayo yote, ndugu msikilizaji, alipewa mtu asiye na usiku hata mmoja katika daftari la Mogadishu. Alipewa kwa sababu elimu yake ilimtangulia na kadhi alimshika mkono. Je, ni bure? Hapana. Alilipa baadaye kwa kalamu. Mpaka leo tunaposoma habari za Mogadishu ya karne ya 14, tunasoma sifa za ukarimu wa sultani yule, naye hatukumbuki kwa mengine mengi. Hesabu hiyo iweke pembeni, nitairudia.

Karne zikapita, na pwani yetu ikaendelea na mtindo ule wa mtu kushikwa mkono. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walipotoka Zanzibar kuelekea bara walikuwa na barua za Sultani. Novemba mwaka huo walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, walipokewa na kukirimiwa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyewapa nyumba, habari za njia na msaada wa kuwapata wapagazi. Wazungu wale walikuwa hawajawahi kuikanyaga Kazeh. Barua ilitembea mbele yao.

Sasa tuvuke bahari, kwa sababu huko ndiko barua ya mfalme ilikogeuzwa kuwa bidhaa ya dukani. Mwaka 1841, Julai 5, Mwingereza Thomas Cook aliandaa safari ya treni kutoka Leicester hadi Loughborough kwa nauli ya shilingi moja, akiwapeleka watu kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Kazi ikakua ikawa kampuni. Mwaka 1868 Cook alianzisha kuponi za hoteli. Karani wa kawaida wa Uingereza, asiyejua Kifaransa wala Kitaliano, alinunua vikaratasi kabla ya kuondoka nyumbani: hiki cha kulala, hiki cha chai ya asubuhi, hiki cha chakula cha jioni. Akifika Paris au Rome alitoa kikaratasi, na mwenye hoteli akakipokea kwa bei iliyokubaliwa.

Zamani mwenye hoteli alipomwona karani yule alitazama viatu vyake na kukadiria bei. Sasa alitazama kikaratasi na kuona nyuma yake kuna Cook, na nyuma ya Cook kuna wageni maelfu wa mwaka kesho. Ukimdhulumu mmoja, utawakosa wote. Hiyo ndiyo nguvu ya mwenyeji: hoteli inamhesabia mgeni mmoja uzito wa kundi zima.

Nisiwe mtu wa kusifia tu. Historia hiyo ina upande wa giza, na sisi wa Afrika Mashariki tunaujua. Hoteli ya Norfolk ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1904 kwa ajili ya walowezi na wasafiri wa Kizungu. Katika mahoteli ya namna hiyo enzi za ukoloni, rangi ya ngozi ndiyo ilikuwa kadi, na daraja la juu mtu alizaliwa nalo. Mwafrika aliingia akiwa amebeba mzigo wa mwingine. Marekani nako hali ilikuwa hiyohiyo, hata tarishi mmoja wa New York, Victor Green, akaanza mwaka 1936 kuchapa kitabu cha kuwaonesha Wamarekani weusi hoteli na nyumba zitakazowapokea. Kile kitabu cha kijani kilikuwa mwenyeji wa watu wasio na mwenyeji. Kwa hiyo tunapozungumzia marupurupu ya hoteli tusisahau kwamba si zamani sana marupurupu yenyewe yalikuwa kuruhusiwa kuingia.

Tuje kwenye kadi hizi za leo. Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria iliyoondoa udhibiti wa serikali katika nauli na njia za ndege za ndani. Mashirika yakaanza kunyang'anyana abiria. Mei 1, 1981, American Airlines ikaanzisha mpango wa kumhesabia abiria maili alizosafiri, na wenzao wakafuata upesi. Hoteli hazikukaa nyuma. Holiday Inn na Marriott zilianza mipango yao mwaka 1983, Hilton na Hyatt mwaka 1987. Lala siku kadhaa, upate pointi. Lala zaidi, upande daraja: fedha, dhahabu, almasi.

Waliolengwa walikuwa watu gani? Msafiri wa kampuni. Mtu anayelala hotelini siku 60 kwa mwaka huku bili inalipwa na mwajiri. Hoteli ikampa yeye binafsi zawadi kwa fedha ambazo si zake. Mama wa Kilwa Kivinje anayesafiri mara moja katika maisha, kwa fedha za mauzo ya korosho na michango ya watoto, mpango ule haukumfikiria hata kidogo. Huo ndio ukweli wa msingi wa daraja la kuchuma: linampa starehe yule ambaye tayari yuko njiani kila wiki.

Kwa hiyo haikuchukua muda mlango wa pili ukafunguliwa, au niseme ukafunguliwa tena, maana ulikuwepo tangu Mogadishu. Mlango huo una vijia vitatu, na nitavieleza kwa ufupi kwa kuwa ndivyo mnavyoniuliza.

Cha kwanza ni wakala. Kwa miaka mingi wakala wa usafiri aliishi kwa kamisheni ya tiketi za ndege. Februari 1995 shirika la Delta likaweka kikomo cha dola 50 kwa tiketi ya ndani ya kwenda na kurudi, wengine wakafuata, na mwaka 2002 mashirika makubwa ya Marekani yakaifuta kamisheni ile ya kawaida. Wengi wakafunga ofisi. Waliobaki wakageukia hoteli na meli za starehe, ambako kamisheni ilibaki, kwa kawaida karibu asilimia 10 ya bei ya chumba. Wakajiunga katika vikundi ili wawe na sauti. Kimojawapo, kinachotumia jina la Virtuoso tangu mwaka 2000, kina mapatano na mamia ya hoteli za kifahari. Mteja wa wakala wa kundi hilo hupata chai ya asubuhi kwa watu wawili, chumba bora zaidi kikiwepo, kuingia mapema au kuchelewa kutoka ikiwezekana, na mara nyingi kiasi cha kama dola 100 za kutumia humohumo hotelini. Bei ya chumba huwa ileile ambayo hoteli inamtoza mtu anayepiga simu moja kwa moja, si bei za punguzo la kulipa kabla bila kurudishiwa.

Kampuni za hoteli zenyewe zina orodha zao za mawakala wateule. Four Seasons haina kabisa mpango wa pointi, na mgeni wake mpya anaweza kutambuliwa kupitia wakala aliye katika orodha hiyo. Hyatt, Marriott na Hilton nazo zina orodha za namna hiyo, na huko mgeni hupata marupurupu ya wakala na bado pointi zake zinahesabiwa. Anayekata chumba kwa madalali wengine wa kwenye intaneti mara nyingi hukosa vyote viwili.

Kijia cha pili ni kadi ya benki. Mtu mwenye kadi ya Platinum ya American Express iliyotolewa Marekani huandikishwa daraja la dhahabu la Marriott, ambalo mwingine hulipata kwa kulala siku 25 kwa mwaka. Katika hoteli zilizo kwenye orodha maalumu ya kadi hiyo huhakikishiwa kubaki chumbani mpaka saa 10 jioni. Neno hilo "huhakikishiwa" lina thamani kuliko mengine yote, kwa sababu "ikiwezekana" maana yake ni hisani ya aliye zamu siku hiyo. Bila shaka kadi ile ina ada ya mamia ya dola kwa mwaka. Kwa hiyo hadhi hiyo haikuchumwa, imenunuliwa, na anayesafiri mara moja atakuwa ameinunua ghali.

Kijia cha tatu ni kuhamisha daraja. Mtu mwenye hadhi katika kundi moja la hoteli huonesha ushahidi wake kwa kundi shindani, nalo humpa daraja linalolingana kwa muda, likitumaini kumng'oa kwa mwenzake. Huku nako ni kushikwa mkono, isipokuwa anayekushika mkono ni hasimu wa aliyekulea.

Sasa tuulize swali ambalo mwandishi wa habari lazima aulize: nani analipa? Chai ile ya bure imelipiwa na hoteli. Hoteli inatoa kwa sababu wakala anawaleta watu wanaotumia fedha na kurudi. Madalali wa mtandaoni huzitoza hoteli asilimia 15 au zaidi, kwa hiyo kumpa mgeni wa wakala sahani ya mayai na matunda ni hesabu nzuri tu. Hakuna muujiza hapo. Kuna mtu anayedhaminiwa na kuna mdhamini ambaye neno lake lina uzito.

Na mdhamini akianguka? Kampuni ya Thomas Cook, baada ya miaka 178 tangu ile treni ya Leicester, ilianguka Septemba 23, 2019. Waingereza takriban 150,000 walikuwa nje ya nchi, na serikali yao ikakodi ndege za kuwarudisha. Siku chache kabla ya hapo, katika hoteli moja ya Hammamet, Tunisia, wageni walieleza kwamba lango lilifungwa na walitakiwa kulipa upya malazi waliyokwisha kulipia, kwa kuwa hoteli ilihofu haitalipwa na Cook. Wiki iliyotangulia walikuwa wageni waheshimiwa. Heshima ile ilikuwa ya Cook, wao waliazimwa.

Daraja la kadi nalo si la kudumu. Hilton ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1969 ikafungwa Desemba 2022. Hoteli ya Kilimanjaro ya hapa Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1965, mwaka 2005 ikapata jina la Kempinski, na baadaye ikawa Hyatt Regency. Jengo ni lilelile na bahari ni ileile, lakini jina la mlangoni likibadilika daftari nalo hubadilika. Kadi hutunza hesabu ya kampuni. Sura ya mgeni hutunzwa na mpishi na mbeba mizigo.

Nilisema nitairudia hesabu ya Ibn Battuta. Nairudia kwa kuwa inanihusu.

Zamani kidogo nilikwenda kwenye semina katika hoteli moja ambayo sitaitaja. Meneja alinitambua kwa sauti. "Wewe si yule wa redioni?" Jioni nikakuta nimehamishiwa chumba kikubwa kinachotazama bahari, kapu la matunda mezani na kikaratasi chenye maneno matamu. Sikuwa na kadi, sikuwa na wakala. Nikalala usingizi mzuri. Kesho yake mhudumu mmoja alinivuta pembeni, akanieleza kwamba wafanyakazi wana miezi miwili hawajalipwa mishahara, akaniomba niliseme hewani. Nikamwahidi. Nilirudi Dar es Salaam, nikaandika habari ile, nikaiweka kwenye droo mpaka "nipate upande wa pili." Upande wa pili sikuutafuta. Habari haikusomwa.

Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Yale matunda yalitosha. Sisi Watanzania tunalo neno takrima, ambalo liliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 na Mahakama Kuu ikalitengua mwaka 2006, baada ya watu kuhoji mpaka uko wapi kati ya ukarimu na hongo. Mpaka wangu mimi ulikuwa kwenye droo ile. Ibn Battuta alilipa kwa kalamu kwa kuandika, mimi nililipa kwa kutoandika. Mhudumu yule sijui kama alilipwa. Nilipopita tena miaka iliyofuata hakuwepo.

Kwa hiyo siwezi kukushauri kwamba marupurupu usiyoyachuma ni haramu, wala kwamba ni halali tu. Ninachoweza kukupa ni kipimo. Ukipewa kitu hotelini bila kukichuma, uliza nani amekudhamini na yeye anapata nini. Kama ni wakala anayepata kamisheni yake kwa hoteli, kila mtu anajua, na wewe hudaiwi neno, kula chai yako kwa raha. Kama ni benki, umelipa ada, dai haki yako. Lakini kama huoni mdhamini wala malipo, basi jichunguze, huenda malipo ni wewe. Na wale wanaodanganya mapokezi kwamba wako fungate, na ndoa ina watoto watatu, waelewe kwamba wanakula akiba ya huruma ambayo kesho mgonjwa wa kweli ataikosa.

Mwaka uliofuata mama alitakiwa kurudi kwa daktari kuangaliwa jicho. Safari hii sikutegemea kadi. Kuna mama mmoja hapa mjini mwenye ofisi ya usafiri yenye madawati mawili na feni moja. Hayumo katika makundi makubwa niliyoyataja. Ila kwa miaka mingi amekuwa akiwapeleka wagonjwa katika mji ule, na hoteli moja karibu na hospitali inaishi kwa wageni wake. Nikamweleza habari za mwaka uliopita. Akaandika ujumbe mfupi: mgonjwa wa macho, mzee, chumba cha chini, mapazia mazito, ndege ya usiku. Bei ilikuwa ileile niliyoambiwa nilipopiga simu mwenyewe.

Tulipofika, kijana wa mapokezi alikuwa na jina la mama mdomoni kabla sijatoa pasipoti. Chumba kilikuwa cha chini. Siku ya kuondoka tulibaki mpaka saa 12 jioni, na hakuna aliyegonga mlango.

Nikamuuliza mama anaionaje hoteli. Akasema ni nzuri, lakini ile ya mwaka jana nayo ilikuwa na mtu. Nikashangaa. Ndipo akanieleza jambo ambalo sikuliona kwa hasira zangu za siku ile: nilipokuwa nimekwenda kubishana mapokezi mara ya tatu, mbeba mizigo mmoja mzee alimletea mto wa kuegemea na kikombe cha chai, akavuta pazia la dirisha lililokuwa linampiga mwanga. Hawakuelewana lugha. Hakutaka chochote.

"Yule ndiye alikuwa mwenyeji wetu," mama akasema, "ila wewe ulikuwa unamtafuta kwenye kompyuta."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tafuta wakala mzuri, ndugu msikilizaji, na ukipata chumba kizuri usikikatae. Lakini ukitoka, mtazame aliyekubebea begi na umjue kwa jina.

Mpaka wiki ijayo, nakutakia safari njema.